Zamu ya Maiti

Tarehe 3 Juni

Haya Mpekuzi, umeshafungua daftari langu, basi ingia tu. Sina ugomvi na wewe. Kwetu dada zangu walikuwa wanapekua kila kitu changu hadi ndani ya soksi. Tangu nije huku hakuna wa kunipekua, na nimegundua kuandika bila mtu wa kuchungulia begani kunachosha kuliko foleni ya benki. Kwa hiyo wewe kaa hapo, nikusimulie.

NIMEPATA KAZI! Kazi ya kuzama.

Subiri, usicheke, nipange mambo. Nipo nchi ya watu, mji mdogo wa baharini, chumba changu kiko juu ya fundi viatu na mto wangu unanuka gundi. Dirishani naona kipande cha bahari, upana wa mlango tu. Tangu nifike nimekuwa naosha vyombo kwenye hoteli ya wageni, vidole vimekunjamana kama vya bibi. Leo asubuhi nikasema potelea mbali, naenda kuogelea kabla ya zamu.

Sasa, mimi kuogelea nilijifundisha mwenyewe, kwenye shimo la machimbo ya kokoto lililojaa maji ya mvua, nikifuata picha za kitabu ambacho kurasa za miguu zilikuwa zimechanwa. Mikono naijua. Miguu nilibuni. Nikiwa majini nafanana na mbuzi aliyetumbukia kisimani. Basi niko zangu, raha mustarehe, mara priiii! filimbi, na jibaba limenifikia, limenikaba kwapani.

"Tulia binti, nimekushika!"

"Niachie! Naogelea!"

"Hapo ulikuwa unaogelea?"

"Wewe ulidhani nafanya nini?"

Akaniachia. Tukabaki tunaelea tunatazamana, maji yanamchuruzika kwenye masharubu, filimbi bado iko mdomoni. Nilijua atacheka. Hakucheka. Uso ulimshuka kama mtu aliyekutana na mtu ambaye hakumtarajia. Kisha akauliza, "Unatafuta kazi?"

Kumbe ni mkuu wa waokoaji wa ufukweni. Kila msimu wa joto anafundisha vijana kuokoa watu, na vijana wanahitaji mtu wa kuokolewa. Mtu huyo anazama, anaopolewa, anapangusa pua, anarudi kuzama tena. Mshahara unazidi wa vyombo.

"Wa mwaka jana yuko wapi?" nikauliza.

"Alimaliza msimu," akasema, akapuliza filimbi bila sababu yoyote.

Tarehe 4 Juni

Bahari shwari. Siku ya kwanza. Mkuu nimembatiza Bwana Filimbi, maana haitoki mdomoni hata akiongea. Maneno yanamtoka kwa pembeni. Yeye naye kanibatiza: Maiti.

"Ni jina la kazi tu," akasema. "Kama mwingine anavyoitwa Dereva."

Nikacheka mpaka mbavu. Maiti mwenye njaa, nikamwambia, saa ngapi tunakula?

Tunazama na nguo, kwa sababu watu wa kweli huzama na nguo. Nimepewa shati la mikono mirefu, rangi ya chungwa, limechakaa lakini kiwiko kimoja kimeshonwa kwa uzi wa kijani, mshono mdogo mdogo, wa mtu mwenye subira. Utaratibu ni hivi: naogelea hadi kwenye boya jekundu. Mwanafunzi anakaa mchangani ameipa bahari mgongo, asinione. Mimi naanza kuzama. Filimbi ananitazama, akiridhika kwamba nimezama vizuri ndipo anapuliza, na hapo tu mwanafunzi anaruhusiwa kugeuka na kukimbia. Asipopuliza, hakuna anayeingia majini.

Jambo moja. Aliponiita kwa sauti, "Maiti! Twende!", kuna mama alikuwa amekaa juu ya ukuta wa mawe, taulo limekunjwa mapajani. Aligeuza shingo haraka sana, kama aliyeitiwa mtu wake. Halafu akainama.

Nilipotoka alinijia. "Jifute mwanangu, upepo huu utakupa kifua." Taulo lilikuwa na joto la jua. Sikumjua, hanijui, nikajifuta.

Tarehe 6 Juni

Nimekufa mara tano. Chumvi masikioni.

Tarehe 9 Juni

Mpekuzi, ulijua kwamba mtu anayezama hapigi kelele? Mimi sikujua! Nilikuwa najirusharusha na kupiga mayowe kama kuku aliyeona mwewe, wanafunzi wanacheka tu. Nikaona hapana, kama kazi ni kufa basi nife kwa heshima. Nimekaa maktaba ya mji siku nzima ya mapumziko, nimesoma mpaka yule bwana wa maktaba akazima feni kunifukuza. Anayezama kweli ananyamaza. Mdomo uko usawa wa maji, unaingia unatoka. Kichwa kinaegemea nyuma. Mikono inakandamiza maji kwa pembeni, kama ya mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo. Ukimtazama kwa mbali utadhani anacheza tu, au ametulia anaangalia mawingu.

Leo nimezama hivyo.

Nilipotolewa, vijana wote walikuwa wamesimama wananipigia makofi. Msichana mmoja mwembamba, wanamwita Kijiko, alikuwa anatetemeka. "Dada, umenitisha! Nilidhani ni kweli!" Nikajiona staa. Bwana Filimbi yeye alitoa filimbi mdomoni, mara ya kwanza nimuone anafanya hivyo. Midomo yake ina alama.

"Sikiliza. Mambo yakiwa ya kweli, inua ngumi. Hivi. Ngumi, siyo kiganja, kiganja ni salamu. Nikiona ngumi, mchezo umekwisha, nakuja mwenyewe. Alama hii nimeibuni mwaka huu."

"Mwaka jana mlikuwa mnatumia nini?"

"Inua tena nione."

Nikainua. Akanirudishisha, tena na tena, kama mtoto wa chekechea.

Tarehe 13 Juni

Mji huu una watu! Leo nimekutana na mzee mwenye mashine ya kunusa chuma. Anatembea ufukweni na kifimbo chenye sahani, vidude masikioni, anatafuta pete zilizodondoka na hereni za watalii. Nimemwita Mzee Sumaku, akafurahi, akasema mkewe alimwita majina mabaya zaidi.

"Umewahi kupata dhahabu?"

"Nimepata meno matatu. Mawili ya mtu mmoja."

"Ukayafanya nini?"

"Nikamsubiri aje kuyaulizia. Mtu asiye na meno utamkosaje?"

Nimetembea naye ufukwe mzima. Lakini mbele ya boya jekundu anainua mashine, anapita akiwa ameibeba begani, kisha anaishusha mbele kidogo na kuendelea.

"Hapa hakuna chuma?"

"Hapa sinusi," akasema.

Tarehe 14 Juni

Ukungu. Hatukuzama. Nimefua soksi.

Tarehe 19 Juni

Yule mama anakuja kila siku ya mazoezi. Mama Taulo. Haongei na mtu, hali kitu, haangalii simu. Mimi nikitoka tu, taulo hilo. Leo upepo unatoka mashariki, unakata, nikakaa naye ukutani nikitetemeka. Alinifunika mabega, na kidole chake kikatua kwenye kile kiwiko chenye uzi wa kijani, kikabaki pale.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza mama."

"Ukiwa kule kwake..." Akajirekebisha. "Kule kwenye boya. Makofi yanasikika?"

"Makofi gani?"

"Hawa wakikupigia makofi. Kule unayasikia?"

Swali gani hilo? Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, sijatega sikio, nikiwa kule nahesabu pumzi zangu na kufikiria chakula. Akaitika taratibu. "Basi siku nyingine tega," akasema. "Unisaidie."

Tarehe 22 Juni

Nimekufa mara nne. Nimetega. Upepo mtupu.

Tarehe 27 Juni

Hili nitaliandika haraka nisije nikajiona mwehu. Pembeni ya boya, upande wa nje, kuna mahali maji ni ya baridi. Siyo baridi ya kawaida. Unapita kwenye maji ya uvuguvugu, mara kama umeingiza mguu ndani ya friji, halafu uvuguvugu tena. Kijiko anasema ni mkondo wa chini. Sawa, ni mkondo. Lakini leo nilipokuwa nimelala kifudifudi, zamu ya kuzimia, nilisikia kabisa kwamba siko peke yangu. Kwamba kuna mwingine pale, ametulia kama mimi, kifudifudi kama mimi, naye anasubiri filimbi.

Nikainua kichwa. Maji matupu.

"Maiti hageuki!" Bwana Filimbi akafoka toka ufukweni. Wote wakacheka. Mama Taulo hakucheka.

Tarehe 2 Julai

Nimemuuliza Kijiko kuhusu maiti wa mwaka jana. Naye ni mgeni, hajui.

"Labda alioa akaacha upuuzi huu," akasema.

"Mbona hakuna anayemtaja hata jina?"

"Wewe nani anakutaja jina? Sote tunakuita Maiti."

Kweli bwana. Nikafikiria: nikiondoka kesho, mji huu utakumbuka nini kwangu? Shati.

Tarehe 5 Julai

Joto. Watalii wamejaa, mtu analala juu ya mtu. Muuza barafu kanipa koni ya bure, "kwa ajili ya marehemu."

Tarehe 8 Julai

Kaa chini, Mpekuzi.

Leo nilimfuata Mzee Sumaku mpaka mwisho wa ufukwe, kwenye mawe, nikamng'ang'ania. Nikamwambia, mzee, mimi najua kuna kitu, na kama huniambii nitaichukua mashine hii niitupe baharini. Akasema hiyo mashine ni ghali kuliko mimi. Nikasema ndiyo maana. Akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akavua vidude vya masikioni.

"Alikuwa kijana mzuri," akasema. "Mchekeshaji. Alikuwa anazama mpaka watu wanalipa viti kuja kumwona. Siku ya mtihani wa mwisho wa msimu, watu walijaa ukutani kama ndege. Wakubwa wa mtihani wametoka makao makuu, wana meza yao na maji yao ya chupa. Kijana akaenda kwenye boya. Mwanafunzi kaipa bahari mgongo, anasubiri filimbi. Kijana akaanza kuzama."

"Halafu?"

"Akazama vizuri. Hajawahi kuzama vile. Kimya, mikono hivi, kichwa hivi. Mkubwa mmoja akasema, tazameni kazi hii. Tukaanza kupiga makofi. Mwenye filimbi naye akatabasamu, akachelewa kupuliza, anataka wakubwa wafaidi. Sote tukasimama. Binti yangu, tulimpigia makofi mpaka akaisha."

Mawimbi yakawa yanapiga mawe.

"Filimbi ilipolia, mwanafunzi aligeuka, akakimbia, akaogelea kwa kasi safi kabisa. Alifaulu mtihani. Alimtoa. Alikuwa ameshakwenda."

"Na Mama Taulo?"

"Nani?"

"Mama wa ukutani. Mwenye taulo."

Mzee Sumaku akavaa vidude vyake masikioni. "Unadhani mwanawe alikuwa nani?" akasema, akaondoka akinusa chuma.

Tarehe 9 Julai

Sikwenda kazini. Nimelala kwenye harufu ya gundi. Shati liko kwenye msumari, limetanua mikono.

Tarehe 10 Julai

Nilikwenda kumchana Bwana Filimbi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, makali. Nilimchukia, Mpekuzi, nilimchukia na filimbi yake na masharubu yake na jinsi alivyonivua majini siku ile akaona biashara.

Nilimkuta kwenye kibanda cha vifaa anapanga kamba.

"Ulimuua mtu ukanipa shati lake."

Hakushtuka. Aliendelea kuzungusha kamba mkononi, kiwiko, mkono, kiwiko.

"Siku ile nilipokuona unaogelea," akasema, "nilidhani ni yeye. Nilikuja nikiwa nimechelewa mwaka mzima. Nikakushika, ukanitukana. Sijawahi kufurahi namna ile."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekubali kazi?"

"Hapana!"

"Sasa ningefundisha kuokoa watu kwa kutumia nani? Kwa mdoli? Mdoli hazami, anaelea kama chupa." Akaitundika kamba. "Mwaka huu kuna ngumi. Nimekaa mwaka mzima nafikiria kile alichokosa yule kijana. Alikosa ngumi. Angekuwa na namna ya kuniambia tu. Wewe unayo. Haitatokea tena."

Nilikuja na moto, nikaondoka na majivu. Alikuwa na filimbi shingoni, ilikuwa imetafunwa, plastiki yote ina alama za meno.

Tarehe 11 Julai

Nimefunga begi. Nimefungua begi.

Tarehe 15 Julai

Nilienda kumuaga Mama Taulo. Nilimkuta ukutani ingawa leo hakuna mazoezi. Kumbe anakuja hata siku zisizo na mazoezi. Nikamrudishia shati, nimelifua, nimelipiga pasi.

Hakulipokea. "Kiwiko nilikishona mimi," akasema. "Alikuwa nayo mawili. Siku ile alivaa lile lingine."

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Usamehewe nini? Wewe una mabega membamba, linakupwaya. Ndilo kosa lako."

Tukakaa. Muuza barafu akapita anapiga kengele yake, watoto nyuma yake. Nikamuuliza anakuja kutafuta nini hapa, anawezaje kukaa na kuniangalia nikifa kila siku, kwa nini hajampasua yule mtu kichwa kwa jiwe.

"Mwenye filimbi? Yule nilimpikia jana. Hali vizuri." Akalikunjua taulo, akalikunja upya. "Siku ile nilikuja na shoga zangu. Niliwaambia, njooni mumwone mwanangu anavyofanya kazi. Nilikaa hapa hapa. Na mimi nilipiga makofi, mwanangu. Mimi ndiye niliyeanza kusimama."

Mpekuzi, sikuwa na pa kuweka macho.

"Mikono iliniuma kwa kupiga. Jioni ile iliniuma bado. Sasa nataka kujua kitu kimoja tu. Kama alikuwa anasikia. Kama kitu cha mwisho kumfikia masikioni kilikuwa ni mimi namshangilia. Watu wa kwenye boti wanasema husikii kitu kule. Daktari anasema hajui. Wewe ndiye unayekwenda pale pale. Usiondoke kabla hujaniambia."

Nikasema nitabaki mpaka mtihani.

Tarehe 21 Julai

Nimekufa mara tatu. Nimetega. Nimesikia mbwa akibweka mbali, nimesikia kengele ya barafu. Makofi sikuyasikia, lakini wanafunzi leo hawakupiga, wamezoea.

Tarehe 29 Julai

Mvua. Nafanya mazoezi ya ngumi kitandani. Fundi viatu chini anagonga, na mimi juu nainua. Anagonga, nainua.

Tarehe 4 Agosti

Mahali pa baridi pamesogea. Sasa pako upande wa ndani wa boya.

Tarehe 10 Agosti

Bwana Filimbi amekonda. Kwa miezi hii miwili nimemwona mchekeshaji, nikamwona muuaji, sasa namwona kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe, anazunguka anajaribu madirisha. Kila nikitoka majini ananiuliza, "Ngumi unaikumbuka?" Namuonyesha. Anapumua.

Kijiko anaogopa mtihani. Asipofaulu anarudi kwao kuuza dukani kwa mjomba wake anayemnunia. Nimemwahidi nitamzamia vizuri.

Tarehe 16 Agosti

Nataka niandike sasa, kabla sijaanza kuipamba.

Mtihani ulikuwa leo. Jua kali, bahari inameta, upepo kidogo. Watu ukutani kama ndege, vile vile alivyosema Mzee Sumaku. Naye alikuwepo, mashine imelazwa miguuni. Meza ya wakubwa wa makao makuu, chupa zao za maji. Mama Taulo mahali pake.

Nilizamia wanafunzi wote mmoja mmoja, wote wakafaulu. Kijiko alikuwa wa mwisho. Nilishachoka. Nikaogelea kwenda kwenye boya, na maji yalikuwa yameanza kutoka, yananivuta nje, nikaona sawa tu, nitapumzika nikifika. Nikapita kwenye ile baridi. Msuli wa paja ukajikaza kama kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa na watu wawili. Nikajaribu kulishika boya. Boya lilikuwa mbali kuliko nilivyodhani.

Nikameza maji. Nikasema moyoni, haya, hii ni ya kweli. Ngumi.

Mpekuzi, mkono haukuja.

Niliuamuru. Nilikuwa naujua mkono wangu, nimeuzoeza kitandani, ngumi siyo kiganja. Lakini mikono yote miwili ilikuwa inakandamiza maji pembeni, chini, chini, chini, inapanda ile ngazi, na haikuwa yangu tena. Nilisoma haya maktaba mwenyewe! Nimeyaandika humu, rudi ukaangalie tarehe tisa ya Juni! Nikajifunza kuyaiga mpaka nikapigiwa makofi, na bado sikuunganisha. Hakuna anayezama kweli anayeweza kuinua ngumi. Mwaka mzima yule mtu ametafuna filimbi akabuni alama ambayo anayeihitaji hawezi kuitoa.

Sauti pia haikutoka. Mdomo ulikuwa na kazi ya kupumua tu. Ukiingia majini unafungwa, ukitoka unavuta, basi. Nilimwona Kijiko ameipa bahari mgongo, mgongo wake mwembamba umenyooka, anasubiri. Nilimwona Bwana Filimbi, filimbi mdomoni, anaukodolea macho mkono wangu. Anangoja ngumi. Haioni, kwa hiyo ametulia. Mkubwa mmoja wa makao makuu alisimama akaelekeza kidole kwangu, akawaambia kitu wenzake.

Ndipo nikasikia.

Yanasikika. Wee, yanasikika! Maji yanayabeba, yanafika makali kuliko ukiwa ufukweni, kila kiganja peke yake. Mji mzima ulikuwa unanipigia makofi.

Na nitakuambia kitu ambacho sitamwambia mama yangu mzazi. Sikukasirika. Kwa muda kidogo, pale mdomo uliposhuka na masikio yakajaa, yale makofi yalikuja kama joto la lile taulo. Nikaona, kumbe nimefanya vizuri. Nikaona nikomee hapo hapo. Na nikajua kwamba yule mwingine yuko pembeni yangu, kama tarehe ile, ametulia, naye anasikiliza.

Halafu katikati ya wote wale waliosimama nikaona mtu mmoja anashuka. Mama Taulo alikuwa ameruka ukuta. Hakupiga kelele. Aliingia baharini na gauni lake na viatu vyake na taulo mkononi, maji magotini, kiunoni, kifuani, hajui kuogelea hata kidogo, anakuja tu. Wengine wote walikuwa wananitazama mimi. Bwana Filimbi akamwona yeye.

Filimbi ililia mpaka sasa hivi naisikia.

Kijiko ndiye aliyenifikia kwanza. Bwana Filimbi alimshika Mama Taulo, akampitisha kwa mwingine, akaja kunipokea. Niliwekwa mchangani, nikatapika bahari. Ukutani bado walikuwepo wanaopiga makofi, hawajaelewa. Mkubwa wa makao makuu akaja na chupa yake akasema, "Uigizaji wa hali ya juu sana, hongera." Kijiko akamtukana tusi ambalo sitaliandika.

Bwana Filimbi alipiga magoti. "Ngumi," akasema. "Mbona hukuinua ngumi? Tulikubaliana."

"Mikono haikuwa yangu," nikasema. "Haiinuki. Haiwezi kuinuka."

Alinitazama kwa kituo. Niliona maneno yanaingia ndani yake, yanashuka, hayakuti pa kutua. Akavua filimbi shingoni, akaishika kiganjani kama kitu kilichookotwa. Kisha akakaa chini mchangani, mtu mzima yule, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

Tarehe 17 Agosti

Kijiko amefaulu. Wamempa cheti na hataki kukigusa.

Tarehe 18 Agosti

Jana Bwana Filimbi hakutoka kwake. Mzee Sumaku anasema leo asubuhi walimwona ufukweni, mbele ya boya, akaazima mashine yake, akanusa pale mahali ambapo hapanuswi, akapata sarafu na kizibo. Akavirudisha mchangani.

Begi langu limefungwa. Basi langu ni kesho asubuhi.

Leo mchana nilisikia ngazi inalia, hatua za taratibu. Mama Taulo. Hajawahi kuja kwangu. Alikaa pembeni ya kitanda, akanusa hewa. "Gundi," akasema, "utaumwa kichwa." Akaweka taulo magotini. Limefuliwa, limekauka. Nikamwambia mama, umeniokoa, sina cha kukulipa, wewe peke yako uliona.

"Nilimwona yeye," akasema. "Safari hii sikupiga makofi, nikaona."

Nilitaka kumkumbatia. Akanizuia kwa mkono, taratibu, kama mtu aliyekuja kwa jambo moja na anaogopa asilisahau.

"Ulikuwa kule kweli," akasema. "Siyo kwa mchezo. Na walikuwa wanapiga. Sasa niambie, mwanangu. Yanasikika?"

Mpekuzi, nilifungua mdomo. Nikasema nipe hadi kesho mama, kichwa bado kina maji. Akaitika. Akasema atakuja kituoni na taulo, maana kwenye basi kuna baridi.

Nimekaa hapa tangu alipoondoka. Nikisema hayasikiki, ataamini, alale, na mimi nitakuwa nimedanganya mtu aliyeingia baharini kwa ajili yangu akiwa hajui kuogelea. Nikisema yanasikika, nitakuwa nimemweka mwanawe pale tena, anamsikia mama yake akishangilia. Na lile joto nitalisemaje? Nikimwambia kwamba yale makofi yalinifikia kama mtu ananifunika mabega, ataelewa, au atadhani namtengenezea dawa? Na je, kama kwake yule haikuwa joto? Mimi nilitolewa. Yeye hakutolewa. Nani aliniambia tulisikia kitu kimoja?

Fundi viatu amefunga, hagongi tena. Shati liko msumarini. Wewe uliyesoma yote haya bila kupiga hodi, sasa nilipe kidogo: mama atakuwa kituoni asubuhi, atanifunika lile taulo, ataniangalia usoni. Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?